Kulala Jangwani: Safari ya Familia Katika Makorongo ya Oman



Ni nyumba chache katika pwani yetu zisizokuwa na jamaa Maskati. Aghalabu tunapokwenda kuwazuru hukaa ndani ya vyumba vyenye baridi ya mashine, tukala, tukatembezwa masokoni, kisha tukarudi kwetu na mizigo ya udi na haluwa. Safari hii wana wa shangazi yangu walikuja na shauri jingine: familia nzima ibebe mahema, ipande milimani, ilale siku mbili ukingoni mwa korongo, pasipo hoteli wala mlinzi. Nchi ya Oman huruhusu jambo hilo, kwani msafiri aweza kupiga hema lake mahali popote panapofaa maadamu si shamba la mtu, wala si mlangoni pa nyumba za watu, wala si eneo lililopigwa marufuku. Mimi nilisita. Mke wangu hakusita hata kidogo.

Tulikuwa watu tisa katika magari mawili, mkubwa wetu akiwa shangazi mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini, na mdogo wetu mtoto wa miaka sita. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona katika matayarisho, kwa kuwa mwezi huu wameniuliza watu wawili ambao watoto wao wanataka kufanya kama sisi.

La kwanza ni majira. Miezi ifaayo ni kuanzia Oktoba hata Machi. Wakati wa kiangazi, joto la mabondeni laweza kumwangusha mtu mzima kabla ya adhuhuri. Lakini wakati wa baridi nao una mtihani wake. Uwanda wa Jabal Shams, yaani Jabali la Jua, uko juu takriban mita 2,000, na kilele chake hufika kama mita 3,000. Usiku wa Desemba baridi huko hukaribia kugandisha maji. Sisi tuliozaliwa Mombasa hatuijui baridi ya namna hiyo. Nilidhani blanketi moja litatosha, nikalala nimevaa kanzu mbili na koti la mwanangu.

La pili ni maji. Kila mtu alihesabiwa lita nne za kunywa kwa siku. Kwa watu tisa na siku tatu hizo ni lita 108, nasi tukabeba madumu saba ya lita ishirini, ili zibakie za kupikia na za udhu. Huko juu hakuna mfereji wa kutegemea. Hata utakapoliona falaj, yale maji yaletwayo na mfereji wa kale mpaka mashambani, ujue kwamba yana wenyewe na zamu zake zimegawanywa baina ya watu. Kuoshea vyungu kwa sabuni ndani yake ni dhuluma. Ikiwa maji ya kunywa yatapungua, sharia imetupa tayamamu, wala haifai mtu kuona haya kuitumia. Ila kwa madhehebu yetu ya Shafii hutakiwa udongo wenye vumbi, na ukingoni mwa korongo kuna mwamba mtupu. Binti yangu alichota mchanga laini njiani akautia katika mfuko, jambo ambalo baba yake hakulifikiri.

Magari yawe ya kuendesha magurudumu yote manne. Kutoka Maskati mpaka Nizwa ni kama kilomita 160 za barabara kuu. Kisha huja mji wa Al Hamra, na baada yake barabara hupanda kwa mizunguko mikali, na baadhi yake ni changarawe. Mafuta yajazwe kabla ya kuacha miji. Gurudumu la akiba likaguliwe nyumbani, na jeki ijaribiwe nyumbani vilevile. Wakati wa kuteremka tumia gia ndogo, usikanyage breki mfululizo hata zikaanza kunuka.

Tuliondoka Alhamisi baada ya Alfajiri, sababu sikupenda tuianze safari siku ya Ijumaa tukaikosa swala ya Ijumaa kwa hiari yetu. Masafa yalizidi zile kilomita themanini na ushei, basi tulipunguza swala na kuzikusanya. Lililowashangaza watoto ni kibla: kwetu Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini, na huko Oman kibla ni magharibi.

Sasa nifikie lililotugombanisha, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Vijana walikuwa wamekwisha kuchagua mahali pa kulala. Chini ya Jabal Shams limo korongo kubwa ambalo kina chake hufika kama mita elfu moja, na mlangoni mwake ipo Ghul, kijiji chenye magofu ya mawe yaliyoning'inia kilimani. Ukiingia ndani ya bonde utaikuta mitende, kokoto safi zilizolala sawasawa, na pengine kijito. Hapana baridi kali, hapana upepo, na mahema husimama vizuri. Kwa macho ya mtu wa pwani ni pahali pa neema. Walitazama utabiri wa hali ya hewa katika simu zao, wakaona jua tupu kwa siku zote tatu.

Shangazi akakataa kuteremka garini.

Amiri wa safari alikuwa mwanawe mkubwa, maana tumefundishwa kwamba wasafiri wamteue mmoja wao awaongoze. Akamweleza mamake kwa adabu kwamba mbingu ni safi. Shangazi akajibu, "Mvua ya wadi hainyeshi ulipolala wewe, mwanangu. Hunyesha kule usikokuona." Akazionyesha zile kokoto alizokuwa akizisifu mke wangu, akauliza ni nani aliyezipanga sawasawa namna ile. Kisha akanyosha kidole kwenye ukuta wa korongo, mahali palipokwama vijiti na majani makavu, juu kuliko paa la gari.

Nilikuja kufahamu baadaye kwa nini jambo hilo ni zito. Milima ile ni mwamba ulio wazi, udongo wake haba na miti yake michache, kwa hiyo mvua ikinyesha haina pa kuzama. Yote hukimbilia mabondeni kwa wakati mmoja, nawe uliye mbali waweza kuwa umekaa juani ilhali maji yako njiani. Mwezi wa Aprili 2024, huko Samad al-Shan katika mkoa wa Sharqiyah Kaskazini, mafuriko ya namna hiyo yalilisomba gari lililobeba watoto wa shule, na watoto kadhaa walikufa. Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira wazazi wao. Shangazi aliyajua hayo, na vijana pia waliyajua. Tofauti ni kwamba wao waliyaweka katika fungu la habari.

Tukapanda juu kwenye baridi. Kijana mmoja alinuna mpaka usiku.

Kambi yetu ilikuwa mbali na ukingo kwa hatua zaidi ya mia, na hilo lilikuwa sharti la akina mama. Hema moja dogo lilitengwa kwa ajili ya sitara na choo, na tulifukia vizuri, mbali na kivuli na njia za watu, kama dini yetu ilivyotufunza kabla hazijatungwa kanuni za watalii. Hatukukata mti. Ile mizeituni ya mwituni na mingineyo huchukua umri wa mtu kukua, kwa hiyo tulikwenda na makaa yetu na jiko la gesi. Matandiko yalikung'utwa kabla ya kulala na viatu kabla ya kuvaliwa, kwa sababu ya nge na nyoka. Adui tusiyemtarajia alikuwa mbuzi. Mbuzi wa wachungaji wa huko hawana haya. Walitula mkate wote wa Ijumaa asubuhi tulipokuwa tukitawadha.

Ijumaa hiyo tulikwenda kwa miguu. Kutoka kijiji cha Al Khitaym hutoka njia ya kale iliyochongeka katika ubavu wa genge mpaka As Sab, kijiji kilichohamwa ambacho nyumba zake zimejificha chini ya mwamba. Kwenda ni karibu kilomita nne, na njia imetiwa alama za rangi juu ya mawe. Si ngumu kwa mguu, lakini upande mmoja ni ukuta na upande wa pili ni hewa. Mabinti walivaa viatu vya kufunga na mabuibui mafupi yasiyokanyagika, nao wakafika salama na kurudi, mtoto wa miaka sita akiwa ameshikwa mkono njia nzima. Mimi, ambaye hufundisha watu tawakkul, nilirudi nyuma baada ya robo ya njia. Magoti yalikataa. Nilimkuta shangazi amekaa juu ya mkeka akisoma nyiradi zake, akanimiminia kahawa wala hakuniuliza kitu.

Usiku ule na uliofuata haukuanguka hata tone. Asubuhi ya Jumamosi yule kijana aliyenuna alisema, kwa mzaha lakini si mzaha wote, kwamba tulitetemeka bure. Shangazi akacheka pamoja nao.

Tuliteremka baada ya kuswali Adhuhuri na Alasiri. Juu yetu jua, na nyuma ya mlima wingu moja jeusi ambalo sikulitilia maanani. Tulipokuwa tumekwisha kuipita Al Hamra tukakuta magari yamesimama mstari mrefu. Barabara ilikatwa na maji ya rangi ya udongo, yaendayo kwa kishindo na kubeba magogo, mahali tulipopita Alhamisi pakiwa pakavu kabisa. Dereva mmoja mbele yetu alitaka kujaribu, watu wakamzuia. Na sheria ya Oman humwadhibu mwenye kuendesha gari ndani ya wadi iliyojaa. Amiri wetu alizima injini bila kungoja kuambiwa.

Tulikaa pale zaidi ya saa tatu. Tuliswali Magharibi na Isha kando ya barabara pamoja na watu tusiowajua, mwenyeji mmoja akatuimamisha. Yule kijana alikwenda kusimama karibu na maji, akayatazama muda mrefu, kisha akarudi akamfunika mama yake blanketi. Tulifika Maskati saa nne za usiku, shangazi akiwa amelala katika kiti cha mbele, na dumu moja la maji lingali limejaa.