Kundi la kanga lilipogeuka duka

Horohoro. Jumapili moja usiku, mwaka 2023, nilijitoa kwenye kundi la WhatsApp nililokuwamo kwa miaka sita. Sikuaga. Siku hizi mtu akijitoa wanaoarifiwa ni wasimamizi peke yao, hivyo nilidhani nitaondoka kama mtu anayetoka kwenye shughuli kwa kupitia mlango wa uani.

Kesho yake saa moja asubuhi simu ikaita. Alikuwa mama mmoja anayefanya biashara ya nguo kati ya Horohoro na Lunga Lunga, ambaye hataki jina lake liandikwe gazetini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekutafuta kwenye kundi sikukuona. Umekosana na nani? Nilikuwa na neno lako."

Sikuwa nimekosana na mtu. Kundi nililoingia mwaka 2017 ndilo lililokuwa halipo tena. Jina lilikuwa lilelile na msimamizi ni yuleyule, lakini ndani mlikuwa na kitu kingine.

Hilo neno la mama nitalifikia. Kwanza nieleze tulifikaje hapo, kwa kuwa nadhani msomaji wa mpakani naye ana kundi lake linaloelekea huko.

Hapa hatuuzi

Lilianza kama kundi la wapenzi wa kanga, au leso kama wanavyoziita ndugu zetu wa Mombasa. Hatukuzidi watu 40, kutoka Tanga, Unguja, Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Bujumbura. Mtu alifungua sanduku la mama yake, akapiga picha kanga ya zamani, akaituma. Wengine wakaanza kuisoma: pindo lake, mji wake, jina lake.

Walikuwamo watu wenye elimu ambayo haifundishwi darasani. Mama wa Horohoro aliweza kukwambia kanga hii ni ya Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na ile imetoka India, kwa kutazama picha tu. Mzee mmoja wa Mombasa alitueleza kanga za zamani ambazo majina yake yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na habari za Mtaa wa Biashara na kanga zenye maandishi ya "Mali ya Abdulla". Dada wa Bujumbura alikuwa mtu wa vitenge, naye tulimkaribisha.

Sharti lilikuwa moja: "Hapa hatuuzi, tunaonyeshana." Waliolishika zaidi walikuwa wafanyabiashara wenyewe. Mtu ameshinda anahesabu shilingi za nchi mbili, anabishana juu ya ushuru na nauli ya gari. Jioni anataka pahali ambapo hakuna anayemuuliza bei.

Mimi niliingia na haja yangu. Marehemu bibi yangu wa Tanga alikuwa na dada aliyeolewa Vanga, upande wa Kenya. Walipoagana walinunua doti moja ya kanga wakagawana, kila mmoja kipande chake. Miaka ikapita, dada mtu akafariki, mawasiliano na watoto wake yakakatika. Kilichobaki kwetu ni kipande cha bibi, chenye jina "Wema hauozi". Mwaka 2018 nilikitandika kwenye kochi, nikakipiga picha na doa lake la chai pembeni, nikaituma kwenye kundi na kuuliza kama yupo aliyewahi kukiona kipande cha pili. Sikupata jibu, ila nilipata dua nyingi na hadithi tatu za doti zilizogawanywa.

Ada, matangazo na kalenda

Kundi likakua. Wakati ule WhatsApp iliruhusu watu 256 katika kundi moja. Tulipofika hapo ikabidi wengine wasubiri nje. Mwaka 2022 kikomo kikapandishwa hadi 512, kisha 1,024, nasi tukajaa tena.

Duka moja liliomba kutangaza kila Ijumaa. Hakuna aliyelalamika. Sisi ni watu wa mipakani, hatuogopi biashara. Baada ya muda maduka yakawa manne, yakafuata mawigi, dawa za kupunguza unene na mikopo ya simu. Ukiamka unakuta ujumbe 200, na kanga ndani yake ni mbili. Kisha msimamizi akatangaza ada ya mwezi kwa wanaotaka kutuma picha. Asiyelipa abaki msomaji, na picha yake ikiingia inafutwa.

Ada yenyewe haikuwa kubwa. Lakini walionyamaza kwanza walikuwa wale wenye masanduku, yaani akina mama na wazee ambao simu zao wanawekewa vocha na wajukuu. Waliobaki kuzungumza ni wale wenye kitu cha kuuza.

Mwishoni mwa mwaka huo nilikuwa nikipita kwenye kibanda cha vitabu na karatasi mjini Tanga nikaona kalenda ya 2023 yenye picha za kanga. Niliifungua. Mwezi wa tano nikakuta kochi la kwetu na doa la chai. Juu ya jina "Wema hauozi" ilikuwa imechapwa namba ya simu ya kuagizia bidhaa. Niliinunua. Nadhani mimi ni miongoni mwa watu wachache waliolipia picha waliyoipiga wenyewe.

Nilimwandikia msimamizi faraghani. Alijibu kwa upole. Alisema amelitunza kundi kwa miaka mingi bila senti, kwa bando lake na muda wake, na kwamba kilichotumwa kwenye kundi ni mali ya kundi. Sehemu ya kwanza ya maneno yake ni kweli, na sikupata la kuipinga. Alifuta matusi, aliamua ugomvi, alikesha. Anayetumika anastahili kula.

Hata hivyo, kila anayesafirisha mzigo analijua hili: bei ya gari mnapatana kabla ya kupakia. Dereva akisimama katikati ya pori akataja bei mpya, hata kama bei hiyo ni ya haki, amekushika mahali ambapo huwezi kushusha mzigo wako. Sisi tulikuwa tumeshapakia miaka mitano.

Mtaji ambao hatukuuandika

Nilichojifunza nakisema kwa lugha ya wasomaji wa gazeti hili. Tulikuwa tumeweka mtaji bila kujua kwamba ni mtaji. Kila picha, kila maelezo ya mama wa Horohoro, kila kumbukumbu ya mzee wa Mombasa ilikuwa bidhaa iliyoingia ghalani bila kuandikwa kwenye daftari. Tuliona ni mazungumzo tu, mpaka mwingine alipoyawekea bei.

Mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki anayevusha bidhaa za ukanda huu zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani hutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachoonyesha mzigo umetoka wapi. Picha zetu zilivuka kutoka barazani hadi sokoni bila cheti cha namna yoyote. Hakuna aliyeuliza zimetoka kwa nani.

Kisheria, mpiga picha ana haki tangu anapoipiga, bila kulazimika kuisajili kwanza. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2001. Kutuma picha kwenye kundi hakumpi msimamizi ruhusa ya kuichapa na kuiuza. Lakini nani atafunga safari ya mahakamani kwa ajili ya ukurasa mmoja wa kalenda? Wengi hufanya nilichofanya mimi. Wanajitoa usiku, na kila walichochangia kinabaki nyuma.

Walioondoka na kazi yao

Nilianza kutafuta kama wapo waliowahi kuondoka vizuri zaidi. Mfano ulionigusa ni wa watu ambao starehe yao ilikuwa kuandika habari za safari.

Mwaka 2003 Evan Prodromou na Michele Ann Jenkins walianzisha Wikitravel, kitabu cha safari cha mtandaoni ambacho msafiri yeyote aliweza kukiandika na kukisahihisha: basi gani linakwenda wapi, mpaka gani unavukwa vipi, nyumba gani ya wageni ni safi. Ni elimu ileile ambayo wafanyabiashara wetu wanapeana stendi. Waandishi walijitolea bila malipo.

Mwaka 2006 kampuni ya Marekani iitwayo Internet Brands ikainunua. Baadhi ya waandishi wa Kijerumani hawakungoja. Mwaka huohuo walijitenga na kuanzisha Wikivoyage, na Waitalia wakawafuata. Waandishi wa Kiingereza walivumilia kwa miaka kadhaa, wakilalamikia matangazo na mitambo isiyoboreshwa. Mwaka 2012 wengi wao nao wakaamua kuhama pamoja, kwenda kwenye mradi mpya chini ya Wikimedia, shirika lisilo la faida linaloendesha Wikipedia. Kampuni iliwashtaki wawili kati ya waandishi hao wa kujitolea. Wikivoyage ilizinduliwa rasmi chini ya Wikimedia tarehe 15 Januari 2013, na mwezi uliofuata mgogoro huo ukamalizwa kwa mapatano.

Hawakuondoka mikono mitupu kwa sababu moja. Tangu mwanzo maandishi yote yaliwekwa chini ya leseni huria, inayomruhusu yeyote kuyanakili na kuyaendeleza mradi awataje walioyaandika na kuyaacha huria vilevile. Kampuni ilinunua jina na mahali. Maandishi yalibaki kuwa ya kuchukulika. Waandishi walinakili kurasa zao na kuendelea na kazi penye jengo jingine.

Sharti hilo liliandikwa wakati hakuna aliyekuwa na ugomvi na mwenzake, na hapo ndipo sisi wa kundi la kanga tuliposhindwa. Tulikuwa na sharti la kutouza, lakini hatukusema nani analilinda, wala nini kitatokea likivunjwa.

Kabla hamjawa wengi

Makundi ya mipakani si ya kanga tu. Yako ya muziki wa zamani, ya kufuga njiwa, ya mpira, ya mapishi. Mengi huanzishwa na watu wanaofahamiana na hukua mpaka yanakuwa soko. Kugeuka soko si dhambi. Wanakundi wakikubaliana na mapato yakaonekana, ni heri. Lakini ni vizuri mambo machache yakasemwa mapema.

La kwanza ni ruhusa. Picha au maelezo ya mtu yasitoke nje ya kundi wala kuuzwa bila yeye kuulizwa, na yakitoka yaende na jina lake. La pili ni gharama. Kama msimamizi anatumia bando na muda, achangiwe waziwazi, asije akajilipa kwa njia ya pembeni. La tatu, wasimamizi wawe zaidi ya mmoja, na ikiwezekana watoke pande zote za mpaka. La nne, kila mtu atunze nakala ya vitu vyake nje ya kundi. Simu ikiibwa au ukitolewa ghafla, usianze upya.

Ukifika wakati wa kuondoka, aga. Hili nililikosea. Sema unaondoka, sema kwa nini bila matusi, na waachie namba wale unaotaka kuendelea kuwapata. Kuondoka kimya kulinipa amani ya usiku mmoja, na nusura kunikoseshe nilichokuwa nikikitafuta kwa miaka mitano.

Neno la mama

"Basi ile picha hukuiona," mama aliniambia siku ile kwenye simu. Wiki mbili kabla, mwanamke mmoja wa Vanga alituma picha ya kanga yenye jina "Wema hauozi", akaandika chini yake kwamba ilikuwa ya mama yake. Hakuwa amelipa ada. Picha ilikaa dakika chache ikafutwa, naye hakurudia. Mama alikuwa ameiona, na kwa uzoefu wa mtu wa soko alikuwa ameinakili namba.

Jumamosi iliyofuata nilivuka Horohoro nikiwa na kanga ya bibi kwenye mfuko, nikapanda gari Lunga Lunga hadi Vanga. Mwanamke yule alinipokea barazani kwake, akaitoa yake, tukazitandika pamoja mkekani. Jina lilikuwa moja. Pindo halikufanana, na mji wa yake ulikuwa na korosho ambapo wa kwetu una nanasi. Haikuwa doti yetu.

Tulicheka kidogo, kisha akanipikia chai. Akanitajia nyumba tatu za wazee ambao huenda wanamkumbuka dada wa bibi, na moja niliifikia siku ileile kabla sijarudi mpakani. Bado natafuta.

Sasa tuna kundi jingine, la watu 31. Mama wa Horohoro na mwanamke wa Vanga ndio wasimamizi, mmoja kila upande. Wiki iliyopita mtu alituma tangazo la mawigi. Mama alimjibu kabla sijaliona: "Mwanangu, njoo kesho sokoni tuzungumze bei. Hapa leta kanga ya mama yako."