Mwanao anasoma vizuri, lakini ameelewa?

Wiki iliyopita nilikuwa kwa dada yangu. Mtoto wake mdogo alikuwa anaharisha, na mkubwa, aliye darasa la nne, akapewa pakiti ya ORS atusomee maelezo. Alisoma bila kukwama hata neno moja.

“Kwa hiyo inasemaje?” nikamuuliza.

“Inasema maji, mamdogo.”

Dada yangu alikuwa ameshachukua kikombe cha chai ili achanganyie humo.

Jibu la mtoto halikuwa baya. Maji ni sehemu ya mada, yaani kitu kinachozungumziwa. Wazo kuu ni kile maandishi yanachosema kuhusu mada hiyo. “Mbu” ni mada. “Kulala ndani ya chandarua kila usiku hutukinga na malaria” ni wazo kuu. Watoto wengi huishia kwenye mada, hasa wakizoea kusifiwa kwa kusoma haraka.

Mzazi, huhitaji kuwa mwalimu kumsaidia. Jaribu haya nyumbani:

Salio linaisha. Mwanao akimaliza kusoma, mwambie ajifanye anampigia bibi na amebakiwa na sekunde kumi. Atasema nini? Atalazimika kuacha madogo na kushika lililo kubwa.

Ficha kichwa cha habari. Kunja gazeti au funika kwa kidole kwenye simu. Msome habari fupi pamoja, kisha atunge kichwa chake. Linganisheni. Wakati mwingine chake kitakuwa kizuri zaidi.

Kiganja na vidole. Achore mkono wake kwenye karatasi. Kwenye kiganja aandike wazo kuu, kwenye vidole maelezo yanayolishikilia. Kidole kisichoungana na kiganja kinaonyesha kwamba kuna kitu hakijaeleweka.

Kosea makusudi. Baada ya hadithi ya Sungura na Fisi, sema, “Hii inahusu chakula tu, sivyo?” Watoto hupenda kumsahihisha mtu mzima. Akikataa, mwulize, “Umejuaje?” Jibu litamrudisha kwenye maandishi.

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Usimkatize akikosea neno dogo, na usimpe jibu mapema. Kama Kiingereza kinamlemea, anze na Kiswahili. Akishajua kutafuta wazo kuu, ujuzi huo atauhamishia huko pia.

Siku ile tuliirudia pakiti mstari kwa mstari. Safari hii akasema: “Pakiti yote moja, maji safi lita moja. Yakibaki mpaka kesho saa kama hizi, tunamwaga.”

Ndiyo hasa. Pakiti ya lita moja ikichanganywa na maji machache, chumvi huzidi na inaweza kumdhuru mtoto.

Dada yangu akakirudisha kikombe kabatini, akamtuma alete chupa ya lita moja.