Kwa nini unga huadimika bei yake inaposhushwa

KILA mara bei ya unga wa mahindi inapopanda, kilio husikika kutoka pembe zote za nchi na serikali hutakiwa kuishusha mara moja.

Kilio hicho kina msingi. Ugali ndio tegemeo la mamilioni ya Wakenya, na familia maskini hutumia sehemu kubwa ya mapato yake kununua chakula. Pakiti ikiongezeka kwa Sh20, tajiri huenda asitambue, lakini mama anayetegemea kibarua cha kufua nguo hulazimika kupunguza mlo.

Hata hivyo, yaliyotokea humu nchini yanaonyesha kwamba bei inaposhushwa pasipo mahindi kuongezeka, unga wenyewe ndio hutoweka madukani.

Mnamo Mei 2017, serikali ilianzisha mpango wa ruzuku uliowezesha pakiti ya kilo mbili kuuzwa kwa Sh90. Wanunuzi walifurika madukani, pakiti zikaadimika, na baadhi ya maduka makubwa yakaweka kikomo cha pakiti ambazo kila mteja angeruhusiwa kununua.

Hali hiyo ilijirudia Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, serikali ilipotangaza kuwa bei ingeshuka kutoka takriban Sh205 hadi Sh100. Katika maeneo mengi, wananchi walilalamika kuwa unga wa bei hiyo haukupatikana.

Ili kufahamu kiini cha mambo haya, ni sharti kuelewa kazi ya bei katika uchumi wa soko huru.

Bei ni ujumbe

Katika uchumi wa aina hiyo, hakuna afisa anayeketi ofisini kuamua ni magunia mangapi yatoke Kitale, yasagwe Nairobi na kuuzwa Machakos. Kazi hiyo hufanywa na maelfu ya watu wasiojuana: mkulima, dalali, mwenye lori, msagaji, mwenye duka na mnunuzi. Kinachowaunganisha ni bei.

Ukame unapopunguza mavuno, bei hupanda na kupeleka ujumbe pande mbili. Mnunuzi huhimizwa kutumia unga kwa uangalifu, au kugeukia viazi na muhogo. Mkulima na mfanyabiashara nao huhimizwa kufungua maghala, kutafuta mahindi kwingine na kupanda zaidi msimu ujao. Mahitaji hupungua, ugavi huongezeka, na hatimaye bei hutulia.

Chukua mfano wa mfanyabiashara anayenunua gunia la kilo 90 kwa Sh3,000 nchini Uganda na kutumia Sh500 kulifikisha Nairobi. Gunia likiuzwa Sh3,400 jijini, atapata hasara, hivyo lori lake halitaondoka. Likifika Sh4,000, yeye na wenzake watavuka mpaka wa Busia kwa wingi, na ushindani baina yao ndio utakaoishusha bei.

Sasa tuseme serikali imeamuru kwamba gunia lisiuzwe kwa zaidi ya Sh3,400. Mnunuzi atafurahi kwa siku chache, lakini malori hayatakuja.

Ruzuku hutofautiana na amri tupu, kwa kuwa serikali humlipa msagaji pengo lililopo. Lakini pesa hizo hazizalishi hata punje moja ya mahindi kwa siku hiyo. Aliyekuwa akinunua pakiti moja sasa hutaka nne, na mwingine hununua ili akauze kwa faida.

Bei inapoacha kugawa kilicho haba, kitu kingine huchukua nafasi yake. Aghalabu huwa ni foleni ndefu, au kujuana na mwenye duka. Mkazi wa mtaa wa mabanda anayenunua mahindi kwa gorogoro hana hakika kwamba nafuu hiyo itamfikia.

Soko lina upungufu

Haya hayamaanishi kwamba soko huru ni dawa ya kila tatizo. Soko husikia pesa, wala halisikii njaa. Mchungaji wa Turkana aliyepoteza mifugo wake kwa ukame anahitaji chakula kuliko mtu yeyote, lakini kwa kuwa mfuko wake ni mtupu, hakuna mfanyabiashara atakayempelekea mahindi.

Aidha, bei husema kweli pale tu panapokuwa na ushindani. Wauzaji wachache wakishirikiana kuficha mahindi, bei hupanda hata kama maghala yamejaa.

Mkulima naye huumia kwa njia yake. Katika kaunti za Trans Nzoia na Uasin Gishu, wengi huvuna katika kipindi kimoja mwishoni mwa mwaka. Mwenye madeni na karo ya kulipa huuza papo hapo, wakati soko limefurika na bei iko chini. Miezi michache baadaye huenda akanunua unga kwa bei ghali.

Ndiyo maana Kenya haijawahi kuliachia soko mambo yote. Hadi mwishoni mwa 1993, serikali ilidhibiti biashara ya mahindi, na kuyasafirisha kwa wingi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Baada ya vizuizi hivyo kuondolewa, Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) iliendelea kununua na kuhifadhi nafaka. Mnamo 2011, sheria ilipitishwa kumruhusu waziri kuweka kikomo cha bei za bidhaa muhimu, unga ukiwemo.

Septemba 2022, serikali mpya iliondoa ruzuku ya unga ikisema mpango huo ulimeza Sh7 bilioni kwa mwezi mmoja bila manufaa. Badala yake ilielekeza ruzuku kwa mbolea, na mfuko wa kilo 50 ukaanza kuuzwa kwa Sh3,500.

Hatua hiyo nayo hugharamiwa na mlipa ushuru, na matokeo yake husubiri mavuno. Tofauti ni kwamba hulenga kuongeza mahindi yenyewe. Kwa anayelala njaa leo, njia nyingine ni kumpa pesa mkononi, kama mpango wa Inua Jamii unavyowapa wazee Sh2,000 kwa mwezi. Msaada huo humpa mnyonge sauti sokoni bila kumzuia mwenye lori kuleta mahindi.

Bei inapopanda tena, swali la kuwauliza viongozi halitakuwa tu pakiti itauzwa kwa shilingi ngapi, bali pia mahindi ya kuijaza yatatoka wapi.