Kazi ya Kukata Sufu ya Kondoo

Katika nyika za Kitengela na Kajiado kondoo ni mali ya tangu zamani, lakini sufu si jambo la asili huko. Kondoo mwekundu wa Kimaasai hana sufu. Mwili wake hufunikwa na nywele fupi kama za mbuzi, wala hahitaji kukatwa. Kondoo wa sufu, kama merino, waliletwa Kenya na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20. Lord Delamere alijaribu kuwafuga Njoro, na wengi wakafa. Hata leo kondoo wa namna hiyo hufugwa zaidi katika nchi za juu zenye baridi, kama Molo, Mau Narok na Timau.

Kwa hiyo kijana wa Kitengela atakaye kujifunza kazi hii yampasa kwanza amtambue kondoo aliye mbele yake. Wengi atakaowaona ni machotara wa dorper, kondoo aliyezalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa ajili ya nyama. Vazi lake ni nywele na sufu zilizochanganyika, na aghalabu hupukutika lenyewe. Wengine hubakiwa na mabonge mgongoni, nao hukatwa ili wasisumbuliwe na joto na uchafu. Lakini sufu hiyo haifai kwa kiwanda cha nguo, kwa maana nywele zilizomo hazishiki rangi vizuri.

Sufu yenyewe ni uzi uliojikunja, wenye magamba madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Magamba hayo ndiyo hufanya nyuzi zishikamane. Unene wake hupimwa kwa maikroni, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Sufu ya merino kwa kawaida haifiki maikroni 25, nayo hufaa kwa nguo nyororo. Ile ya romney hupita 30, nayo hufaa kwa mazulia na mablanketi.

Kondoo wa sufu hukatwa mara moja kwa mwaka. Siku ya kazi awe mkavu kabisa, kwa kuwa sufu yenye maji huoza ikifungwa. Tena usiku uliotangulia asilishwe, kwani kondoo aliyeshiba huumia akikalishwa. Mkata sufu humkalisha juu ya makalio yake, mgongo ukiegemea magoti ya mtu. Kondoo akikosa mahali pa kukanyagia hutulia, wala hapana haja ya kumfunga kamba.

Tumbo hukatwa kwanza, na sufu yake huwekwa mbali kwa sababu ni chafu na fupi. Kisha hufuata miguu, ubavu mmoja, shingo, mgongo, na mwisho ubavu wa pili, hata vazi zima litoke kwa kipande kimoja. Siri ya kazi imo katika mkono usioshika mkasi: huo ndio huvuta ngozi ikanyooka. Ngozi iliyokunjamana hukatwa upesi, hasa kwapani na karibu na chuchu. Godfrey Bowen wa New Zealand, aliyewakata kondoo 456 kwa saa tisa mwaka 1953, alifundisha jambo hilo hilo: si nguvu, bali ngozi iliyovutwa na mikato mirefu.

Mkasi upite karibu na ngozi mara moja tu. Anayerudia mahali pale pale hutoa vipande vifupi, navyo hupunguza thamani ya sufu yote. Jeraha likitokea litiwe dawa mara moja, kabla ya inzi kutaga mayai. Na wakati wa mvua na baridi kondoo aliyekatwa apewe kibanda, maana hana tena nguo yake.

Sufu ikiisha kukatwa hutandazwa, kingo zenye mavi huondolewa, na iliyobaki hukunjwa. Mtu asiifunge kwa kamba ya katani. Nyuzi za katani zikiingia ndani ya sufu hazitoki kwa kuoshwa, na mnunuzi huikataa.

Hata hivyo mfugaji asidanganyike akadhani kwamba kila kondoo mwenye sufu ni bora. Kondoo mwekundu wa Kimaasai hustahimili minyoo na ukame kuliko wageni. Tangu dorper walipoenea, kondoo wekundu halisi wamekuwa adimu. Mwenye kundi la machotara afadhali ahifadhi madume wekundu wachache, na kijana mwenye mkasi atafute kazi zaidi penye baridi na sufu nyingi. Ufundi mwema husafiri na mwenyewe. Lakini mbegu ya kondoo ikipotea haipatikani tena kwa fedha.