Kutazama na Kusaidia katika Darasa la Shule ya Msingi

Makala haya yanawahusu wanafunzi wetu wanaotumwa katika shule za msingi za Lubumbashi, Likasi au Kolwezi ili watazame masomo na kumsaidia mwalimu. Wengi huingia darasani wakiwa na daftari bila kujua waandike nini. Matokeo yake ni kurasa zilizojaa neno moja: «kosa».

Tulichunguze neno hilo. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 imezipa lugha za taifa, Kiswahili kikiwemo, nafasi ya kuwa lugha ya kufundishia na vilevile somo. Lakini Kiswahili cha vitabuni ni Kiswahili sanifu, ilhali mtoto wa Katuba au Ruashi huja shuleni na kile cha nyumbani kwao. Kitabu chaandika «watu», naye husoma «batu». «Vitu» huwa «bitu». «Hapa» huwa «apa». Mtazamaji mwenye haraka huandika: hajui kusoma. Ukweli ni kinyume. Mtoto huyo ameziona herufi, amelitambua neno na kuelewa maana yake, kisha akalitamka kwa kufuata kanuni za lugha yake. Matamshi sanifu yatafundishwa kwa wakati wake, hasa kwa ajili ya imla. Wa kumhofia ni yule asemaye sentensi nzima kwa usanifu, pasipo kusita, huku macho yake yakielekea dirishani. Huyo amekariri. Funika picha, onyesha kwa kidole neno moja katikati ya mstari, umwombe alisome. Utajua mara moja.

Katika hesabu mambo hufanana. Mtoto aliyezoea kusikia bei sokoni kwa Kifaransa huweza kusita mbele ya «kumi na saba», si kwa kushindwa kujumlisha, bali kwa kuwa anatafsiri kwanza. Apewe muda. Mtafiti Mary Budd Rowe alionyesha huko Marekani, katika miaka ya 1970, kwamba walimu kwa kawaida husubiri jibu kwa sekunde moja hivi tu, na kwamba wakisubiri sekunde 3 majibu huwa marefu na wanafunzi wengi zaidi hujibu. Jambo hili ni rahisi kulipima: hesabu kimya kimya, uandike.

Kuhusu kusaidia, tangu elimu ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yamefurika, na mwalimu hawezi kumsikiliza kila mtoto akisoma. Hapo ndipo msaidizi ana faida: akae na watoto 4 au 5 wa mabenchi ya nyuma, kila mmoja asome kwa zamu. Asimsahihishe mwalimu mbele ya watoto hata kidogo. (Shahada ya isimu haimfundishi mtu kutuliza darasa saa tano na nusu, njaa inapouma.)

Daftari nalo ligawanywe safu mbili: upande mmoja maneno yenyewe yaliyosemwa, na mwanafunzi au mwalimu, kwa lugha ile ile iliyotumika, upande wa pili maoni ya mtazamaji. Kabla ya kulileta chuoni, mwalimu wa darasa alisome kwanza. Mara nyingi yeye anajua kwa nini mtoto fulani alinyamaza siku ile.