Ugali kwa uyoga: haraka nayo ina bei yake

Saa moja jioni umefika nyumbani, foleni imekumaliza, na watu wanne wanasubiri kula. Maharage hayakulowekwa. Nyama hamtaki, iwe kwa mfungo, kwa imani au kwa ushauri wa daktari. Hapo ndipo uyoga unapoitwa: hauna mfupa wa kuchemsha wala ganda la kumenya, na ndani ya nusu saa mtu ananawa mikono.

Wengi tunaamini kuwa mlo usio na nyama lazima uwe wa bei ndogo. Nami niliamini hivyo mpaka nilipoanza kuandika matumizi ya jikoni kwenye daftari. Bei zifuatazo ni za mfano, zinazokaribia nilizozoea kulipa Dar es Salaam. Zifute, weka za sokoni kwako, hesabu haibadiliki. Mlo ni wa watu wanne.

Unga: dona, sembe au polenta?

Ugali wa watu wanne unakula kama gramu 600 za unga. Kwa dona ya shilingi 1,500 kwa kilo ni shilingi 900. Kwa sembe ya 1,800 ni 1,080. Tofauti ya mfukoni ni ndogo, ya tumboni ni kubwa zaidi: dona imebaki na kiini na pumba zake, hivyo ina nyuzinyuzi na vitamini ambazo mahindi yaliyokobolewa yamezipoteza. Kasoro yake ni kwamba mafuta ya kiini hicho hicho huifanya ichache mapema. Nunua ya kutosha wiki mbili, usijaze ndoo. Sembe inastahimili kukaa, na ukiinunua ya pakiti, tafuta iliyoongezwa virutubisho.

Polenta, ile ya pakiti ya supamaketi, ni binamu wa ugali kutoka kaskazini ya Italia. Ni mahindi ya njano yaliyosagwa kwa chenga, hupikwa laini kwa maji mengi na hukorogwa dakika 40 au zaidi. Iko pia iliyokwisha kupikwa kiwandani, ambayo huiva kwa dakika tano. Kwa kuwa imesafiri mbali, nusu kilo yake inaweza kukugharimu bei ya kilo kadhaa za sembe. Kama ladha yake ndiyo unayoitaka, peleka mahindi ya njano mashineni uombe wakusagie chenga. Jiandae tu kwa maneno ya wazee: wapo wanaokumbuka unga wa njano wa njaa ya miaka ya 1970, waliouita Yanga, na hawakuumisi hata kidogo.

Uyoga: usidanganywe na uzito

Sokoni utakutana na uyoga wa aina tatu: mbichi, mkavu na wa kopo.

Mbichi, hasa ule wa kulimwa unaoitwa mamama, tuseme ni shilingi 3,000 kwa pakiti ya gramu 250, yaani 12,000 kwa kilo. Kumbuka kwamba karibu sehemu tisa kwa kumi za uyoga huo ni maji. Kabla ya kulipa, geuza pakiti uangalie chini. Ukiona maji yametuama, kingo zimegeuka kahawia au unateleza, urudishe. Ukiufikisha nyumbani, utoe kwenye plastiki, uufunge kwa karatasi, na uuweke kwenye friji usizidi siku tatu au nne.

Mkavu unatisha kwa bei. Pakiti ya gramu 50 kwa shilingi 5,000 ni laki moja kwa kilo! Lakini gramu 50 hizo zilitokana na takriban nusu kilo ya uyoga mbichi, ambayo ingekugharimu 6,000. Kumbe mkavu ndio nafuu, tena unakaa kabatini kwa miezi. Unachodai ni kulowekwa nusu saa kwenye maji ya vuguvugu. Maji hayo usiyamwage, ndiyo mchuzi wenyewe.

Wa kopo ndio unaokula pesa kimyakimya. Kopo la gramu 400, ukilichuja, mara nyingi linakuachia gramu 230 au pungufu. Ukilinunua kwa 5,500, kilo ya uyoga wenyewe imefika karibu shilingi 24,000. Soma lebo uone uzito baada ya kuchuja, kisha gawanya bei kwa huo.

Uyoga wa porini unaouzwa barabarani wakati wa mvua ni mtamu, lakini ununue kwa mtu anayeujua na unayemjua. Iko sumu ya uyoga isiyotoka kwa kuchemsha wala kwa kukausha.

Moto

Jiko la kawaida la gesi linakula kama gramu 150 kwa saa moto ukiwa wa wastani. Mtungi wa kilo 6 ukijazwa kwa 24,000, nusu saa ni gramu 75, shilingi 300. Jiko la umeme la wati 1,000 kwa muda huo linakula nusu uniti. Uniti ikiwa shilingi 356, ni kama 180. Mkaa unahitaji muda wa kuwaka kabla hujapika, na ukishaepua unaendelea kuwaka bure. Kwa mlo wa nusu saa unaweza kuwa moto wa gharama kuliko mwingine.

Sufuriani

Mara ya kwanza nilitia uyoga, nikatia chumvi, nikafunika. Nikapata supu ya kijivu. Siku hizi nauchana kwa mikono kufuata nyuzi zake, nautupa kwenye kikaango cha moto bila mafuta, bila chumvi, bila mfuniko. Unalia, unatoa maji, unanywea mpaka nusu. Maji yakikauka na kingo zikianza kushika rangi, ndipo namimina mafuta, kitunguu, kitunguu saumu, na mwisho nyanya na chumvi. Mboga ikiepuliwa, ugali unaingia jikoni.

Hesabu ya sahani

Viungo na mafuta viwe shilingi 1,200 kwa kila mlo, ugali wa dona 900.

Uyoga nusu kilo: 6,000 na gesi 300. Jumla 8,400, yaani 2,100 kwa mtu.

Nyama ya ng'ombe nusu kilo kwa 12,000 kwa kilo: 6,000, na gesi ya saa moja na robo 750. Jumla 8,850. Umeokoa shilingi 450 tu kwa kuacha nyama.

Maharage gramu 350 kwa 3,200 kwa kilo: 1,120, na gesi ya saa moja na dakika 45 ni 1,050. Jumla 4,270, karibu nusu ya uyoga.

Protini nayo ina lake la kusema. Nusu kilo ya uyoga ina gramu kama 15 hivi. Maharage yale yanazo zaidi ya 70. Uyoga haujachukua nafasi ya maharage wala ya nyama. Umekuuzia muda na utamu.

Kwa hiyo mlo ninaouchagua ni huu: uyoga robo kilo, 3,000, na karanga za kusaga gramu 100, 500 kwa karanga za 5,000 kwa kilo. Pamoja na dona, viungo na gesi ni 5,900, chini ya 1,500 kwa mtu. Karanga zinaongeza protini gramu 25 na mchuzi unakuwa mzito. Zina pia niasini nyingi, vitamini waliyoikosa wakulima wa Italia ya kaskazini walioishi kwa polenta tupu katika karne za 18 na 19, wakaugua pelagra. Ugali haukatai mboga yoyote, ila haupendi kuachwa peke yake.

Na wakati ugali unaiva, pima gramu 350 za maharage uyaloweke. Kesho saa moja jioni foleni itakuwa ile ile.