Pingili ya Muhogo

Watu wakutanapo kushauriana juu ya chakula cha kijiji chao, aghalabu mazungumzo huanzia ghalani, ilhali kwetu sisi tulao muhogo ingefaa yaanzie kwenye pingili. Kwa maana muhogo haupandwi kwa punje inunuliwayo dukani, bali kwa kipande cha shina alichopewa mtu na jirani yake bila ya malipo, na katika ukarimu huo ndimo ilimo nguvu ya zao hili, na ndimo yapitamo maradhi yake.

Kati ya maradhi hayo, batobato hujidhihirisha: jani hujikunja, likaingia madoa ya manjano. Michirizi ya kahawia, aliyoieleza mtafiti H. H. Storey wa Amani mwaka 1936, ina hila zaidi. Shina husimama, mwenye shamba akamshukuru Mungu. Kisha muhogo umekwisha menywa na maji yachemka, kisu kinapopita katikati hukuta mabaka makavu ya kahawia, yasiyofaa kuliwa wala kuanikwa makopa. Mpishi hukata pembeni akatupa, hukata tena akatupa, hata sufuria ikabaki nusu.

Virusi vya maradhi yote mawili huchukuliwa na inzi weupe, lakini vile vya michirizi havidumu mwilini mwa mdudu, kwa hiyo safari yao ya mbali huwa ndani ya pingili, nyuma ya baiskeli ya mtu mwenye nia njema.

Huko Amani, katika milima ya Usambara, Storey na waliomfuata waliuzalisha muhogo pamoja na jamaa yake atoaye mpira, wakitafuta aina zenye ustahimilivu. Yasadikiwa kuwa katika kazi hiyo ndimo ilimotoka aina iitwayo Namikonga kusini mwa Tanzania na Kaleso pwani ya Kenya: mmea mmoja, majina mawili, kila mahali wakulima wakidhani ni wao.

Fadhila kubwa ya muhogo ni kungoja ardhini hata njaa ibishe hodi. Michirizi huibatilisha fadhila hiyo, madhali mabaka huzidi kadiri muhogo ukaavyo, na mkulima hulazimika kuvuna mapema. Kwa hiyo rai yangu ni kijiji kitenge shamba la mbegu, mbali na mashamba makuukuu, na mimea migonjwa ing'olewe mapema. Na aombaye pingili asiridhike na ubichi wa majani, bali achimbiwe muhogo wa shina lile lile, upasuliwe mbele ya macho yake.